Yule Anayekaa Mbele kwenye Ukurasa

Kambove, tarehe 20 Oktoba 2024

Tantine Henriette, malkia wa bitabu bya Likasi,

Yambo kwako, yambo kwa mama yangu Simone, yambo kwa ile jogoo yenu inawika saa yoyote inapenda. Minye niko muzima, na niko muzuri pia. Uliza batu ya Kambove, batakuambia. Mguu ya mama inaendelea namna gani? Mwambie aache kuenda ku ibada ya katikati ya wiki. Mungu anajua nyumba yetu iko wapi, anaweza kuja mwenyewe.

Bon, tuongee kazi. Mama Blandine alikuja kuuza samaki ya Kapolowe, akanikuta ku soko, akanipatia maneno yako kwa kinywa. Anasema shule yenu imepata kompyuta na connexion ya mtandao. Anasema Préfet Augustin, mukubwa wa shule, alikuita ku biro yake na kukuambia: Mama Henriette, banafunzi ya mwaka wa mwisho batafanya utafiti, kila mumoja na kazi yake, na mu mwezi wa sita batasimama mbele ya juri ya balimu. Ukijua kubasaidia na mtandao, utabaki na chumba yako ya bitabu. Ukishindwa, tutaweka muntu mwingine, weye uende kupumzika. Kupumzika! Weye hauna umri ya kupumzika, uko na umri ya kugombana tu.

Na ukakumbuka nani? Minye! Papy! Ule mutoto ulisema mbele ya jamaa yote kwamba hatafika mbali juu aliacha masomo. Leo mwenye diploma anauliza njia kwa mwenye hana. Nilicheka mpaka Mama Blandine aliogopa nitaangukia samaki yake.

Lakini umegonga ku mlango ya kweli. Miaka mingi nilikaa mu ile cyber karibu na posta, kila asubuhi minye njo nilifungua, kila jioni minye njo nilifunga. Kompyuta zote za pale zilipita mu mikono yangu. Hakuna yenye hainijui.

Unataka somo ku karatasi, si ku telephone, juu telephone inakata katikati ya neno na karatasi unaweza kuiweka kando ya mashini. Sawa. Telephone yangu pia iko kwa fundi tangu mwezi wa nane, ameipenda sana, hataki kuirudisha.

Sasa sikiliza vizuri. Utaona nafasi ndefu nyeupe. Andika pale kintu unatafuta, kwa maneno machache, usiandike kama unaombea ugali. Kisha gonga. Mashini itakuletea batu mingi, kila mumoja na ukurasa yake, bamepangwa kutoka juu mpaka chini. Usibabaike. Ni sawa vile ku ndoa. Ku ndoa nani anakaa mbele? Chifu, pastor, banjomba. Nani anakaa nyuma, kando ya masufuria? Ule alikuja kula. Mu mtandao pia ni vile. Wa kwanza juu njo mukubwa wao. Yeye njo iko na ukweli. Weye ulilelewa vizuri, hauwezi kupita mukubwa bila kumusalimia na kuenda kuongea na muntu wa nyuma. Basi fanya vilevile. Fungua wa kwanza, chukua maneno yake, patia banafunzi.

Somo njo hiyo. Profesa wa Lubumbashi angekufundisha mwaka muzima.

Juu ya kazi yangu usihangaike. Niko chef d'équipe. Niko na batu chini yangu.

Mutoto wako mwenye akili,
Papy


Likasi, 17 Novemba 2024

Mwanangu Papy,

Nakuandikia mvua ikipiga bati la chumba cha vitabu, kwa hiyo ukiona mstari umepinda ni ngurumo, si uzee. Mama yako anakusalimu. Mguu unavimba jioni, asubuhi unashuka. Ibada ya katikati ya wiki hataiacha, na maneno yako nilimsomea, akasema Mungu akija nyumbani atakukosa wewe. Jogoo tumemla siku ya kipaimara cha mtoto wa jirani.

Barua yako nimeibandika ukutani kando ya kompyuta. Nilikata kile kipande cha juu, kile cha kucheka, maana wanafunzi wanasoma kila kitu isipokuwa vitabu. Siku za kwanza ule mshale wa kompyuta ulikuwa unakimbia mbele yangu kama panya. Vijana walicheka. Kuna msichana mmoja hakucheka, Daniella, wa mwaka wa mwisho. Anakaa kiti cha dirishani. Aliweka mkono wake juu ya wangu, akasema, «Polepole, Maman, haina haraka.» Sasa mshale unanitii.

Somo lako nimelielewa. Kumheshimu aliyeketi mbele nilifundishwa kabla sijajua kusoma, kwa hiyo halikunipa shida. Ninawaambia vijana: wa kwanza, mwende kwa wa kwanza. Kazi zao zinakwenda mbio. Walimu wenyewe wanashangaa. Nimewaambia wote kwamba anayenifundisha ni mwana wa kaka yangu, aliyeko Kambove, na Préfet aliuliza jina lako mara mbili ili alishike.

Nakueleza hili ili ujue lina uzito gani. Chumba hiki nimekitunza tangu baba yako akiwa hai. Nikitoka humu sina pengine pa kwenda asubuhi. Nyumbani naweza kukaa, ndiyo, lakini sitaki kuwa mtu ambaye anakaa tu.

Hukuniambia kazi yako ni ipi hasa. Watu walio chini yako wako chini namna gani? Na kwa nini Mama Blandine anasema hakukuona sokoni mara mbili zilizopita?

Shangazi yako,
Henriette


Kambove, tarehe 16 Machi 2025

Tantine yangu,

Yambo, na bonne année, heri ya mwaka mupya ya kuchelewa, na pole ya Krismasi yenye haikuniona. Nilipata barua yako, na ile ingine ya mwezi wa kwanza pia. Usiseme nilikufa. Mvua ilikula barabara, na minye nilikuwa na kazi mingi, mukubwa wa kazi hana siku ya mapumziko. Mama apake mguu ile mafuta nilituma. Kama hakuipata, basi Mama Blandine sasa iko na miguu mizuri sana.

Utaona mwandiko inaenda kama mulevi. Ni juu naandika na mukono wa kushoto. Hapana jambo. Jiwe ilikuja kusalimia bidole ya kulia. Batu mingi hapa banatumia kushoto, ni mode, mtindo ya Kambove.

Umeniuliza batu yangu iko chini namna gani. Iko chini, Tantine. Mu shimo ya shaba. Minye nabaki juu na kamba. Ni kazi ya imani, si kila muntu banamupa kamba. Basi, nimekuambia, usimusomee mama hii mustari.

Nafurahi mshale inakutii. Na ule Daniella, iko muzuri? Mwambie mwalimu wa mwalimu wake ni kijana na hajaoa.

Nikuchekeshe kidogo. Kuko kijana mumoja hapa, Adrien, anauzisha telephone ya zamani. Juzi alikuwa anajisifu mbele ya batu (batu ya kujisifu bananichosha, unanijua). Anasema duka yake sasa inatokea ya kwanza ku internet. Nikamuuliza, «Weye? Wa kwanza? Uko mukubwa wa nini?»

«Mukubwa wa nini?» akacheka. «Nililipa, ndugu. Ukilipa, banakuweka mbele. Hata ukiuza mavi.»

«Unadanganya.»

«Cyber ulifanya miaka ngapi, na haujui hiyo?»

Batu bakacheka. Nikaondoka, juu nilikuwa na kazi.

Enfin, Adrien ni muntu wa maneno mingi, tuache hiyo. Kintu moja kidogo tu. Ukipata nafasi, ukishamusalimia wa kwanza, salimia pia wa pili na wa tatu. Si lazima. Ni adabu tu, basikuone na majivuno.

Wako wa mukono wa kushoto,
Papy


Likasi, 6 Aprili 2025

Mwanangu,

Mafuta yalifika, Mama Blandine ni mtu mwaminifu, na wewe uombe radhi. Mstari uliokataza sikuusoma kwa sauti. Mama yako aliutazama uso wangu nilipouruka, akainuka kwenda kuangalia moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Vidole vinapona? Ni vingapi? Mdogo wako Shekina, yule uliyemwacha mgongoni, amepata meno ya juu na sasa anakimbia, anamwita kila mwanaume mwenye kofia kwa jina lako.

Nimewasalimu wa pili na wa tatu, kama ulivyosema. Nikafurahi sana, maana wote watatu wanasema neno moja. Nilimwita Daniella nikamwonyesha: ona, wakubwa watatu, kauli moja. Tukaandika bila wasiwasi.

Kazi yake ndiyo bora kuliko zote, na Préfet ameiweka ya kwanza siku ya juri, ili wazazi waone shule imefika wapi. Ameandika juu ya maji ya visima katika mtaa wao, kule wanakooshea mawe ya shaba. Maji yale yana ladha ya msumari. Alitafuta namna ya kuyasafisha, na wa kwanza pale juu anaeleza kuna unga: unaweka kijiko kwenye ndoo, unakoroga, na sumu yote ya mawe inashuka chini. Daniella ameuweka unga huo kwenye hitimisho, anashauri kila nyumba iutumie. Ni mtoto wa vitendo pia. Amemshawishi mama yake, wameuagiza, sasa wanachota kisima cha karibu na kuacha lile bomba la mbali lililokuwa linamvunja mama wa watu mgongo.

Nilipowaona wakipita na ndoo kwa ile njia fupi, nilijisikia kama mtu aliyefanya kitu duniani. Nakushukuru kwa hilo. Sikuwahi kukushukuru kwa jambo lolote, kwa hiyo litunze.

Juri ni katikati ya Juni. Uje.

Henriette


Kambove, tarehe 11 Mei 2025

Tantine,

Yambo. Nyumba yote yambo. Shekina yambo.

Barua yako ilinikuta leo tu, ilikaa kwa mwenye kibanda ya soko. Soma hii mara moja, na usisubiri kumaliza kula.

Ule wa kwanza mwenye kuzungumuza juu ya unga, fungua tena ukurasa yake. Angalia juu kabisa, karibu na jina, kuko neno kidogo sana ya kuonyesha kwamba amelipa. Angalia chini kabisa. Kama kuko namba ya telephone na neno ya kuagiza, ule si mukubwa. Ule ni muuzaji. Wa pili pia. Wa tatu pia. Banasema neno moja juu banauza kintu moja.

Mtandao imebadilika, Tantine. Zamani yangu haikuwa vile. Siku hizi banauzisha biti ya kukaa mbele. Si kosa ya muntu.

Sasa fanya hivi. Pita hao wote, shuka chini. Tafuta muntu mwenye hauzi kitu: chuo, hospitali, batu ya afya. Ukimupata uliza: nani ameandika, mwaka gani, alipima maji ya wapi, kuko mwingine alipima akaona vilevile? Nilimuuliza infirmier, muuguzi wa hapa, hii maneno yote, anajua, si minye nilitunga. Yeye anasema unga ya vile inaweza kufanya maji ikuwe meupe kwa macho tu. Shaba inabaki mule, hauioni.

Mwambie mama ya Daniella arudie ile bomba ya mbali. Leo. Na Daniella aondoe unga mu kazi yake, hata kama ni usiku wa mwisho, hata kama Préfet atanuna. Afadhali kazi fupi.

Kijana wa pikipiki anashuka Likasi sasa hivi, angefika jioni. Lakini bale ba pikipiki banafungua barua za batu na kusoma kwa sauti ku parking, na sitaki bacheke na jina yangu. Mama Blandine atapita kesho kutwa. Minamupatia yeye, iko salama.

Nijibu haraka.

Papy


Likasi, 29 Juni 2025

Mwanangu Papy,

Sisi wazima. Mama yako anatembea na fimbo sasa, anasema ni ya mapambo. Shekina ana mafua. Kiangazi kimeanza, vumbi limekaa juu ya kila kitu.

Barua yako ya mwezi wa tano imenifikia juzi. Mama Blandine alikuwa Kapolowe. Kaka yake mkubwa alifariki ghafla, akapitiliza moja kwa moja kwenye kilio na mzigo wake, akakaa na jamaa mpaka walipoondoa msiba. Barua ilikuwa ndani ya kitambaa chake chini ya samaki waliokauka. Aliponiletea alilia, akidhani ni yeye amekosa. Nilimwambia mtu haachi kilio cha kaka yake kwa sababu ya karatasi. Usimseme ukimwona.

Juri ilikuwa imekwisha kupita.

Ulitaka kujua, nakueleza. Ukumbi ulijaa, wazazi walivaa kama Pasaka. Daniella alisoma vizuri. Alipofika kwenye unga, Madame Stéphanie, mwalimu wa kemia, alivua miwani.

«Nani ameandika haya, binti yangu?»

«Ni wa kwanza kwenye ukurasa, Madame.»

«Wa kwanza kwa sababu gani?»

Daniella alinitazama. Mimi nilimtazama Madame.

«Hapa chini kuna namba ya simu. Ni ya nini?»

«Ya kuagiza, Madame.»

Mzazi mmoja akasema kwa nguvu, «Kumbe shule imefungua duka!» Ukumbi ukacheka. Watu hawakuwa wabaya, walicheka kama unavyocheka mtu akijikwaa. Lakini mama yake Daniella hakucheka. Alikuwa ameketi nyuma, na mtoto wake mdogo wa kiume, yule anayemfuata Daniella, alikuwa amelazwa hospitali tangu wiki ile kwa tumbo. Alisimama akatoka, na kila mtu aliona anakwenda wapi. Mtoto ametoka sasa. Amekonda sana. Hospitali haikusema ni maji, haikusema si maji.

Préfet alinisimamisha mbele ya watu. «Mama Henriette, wewe ndiye uliyemwelekeza kwa huyu muuzaji?»

Nilisema ndiyo.

«Na mpwa wako alikufundisha hivyo?»

Nilisema alinifundisha vizuri.

Basi akawaambia wazazi kwamba chombo ni kizuri na mwalimu alikuwa mzuri, ila anayekitumia amechoka. Daniella hakupita. Mimi nimeambiwa nirudishe funguo Julai ikiisha.

Sasa ninakupa ujumbe wake, kama alivyonituma. Anasema chumba hakiwezi kubaki bila mtu. Anasema: mwandikie yule kijana wako, kwa kuwa ni fundi, aje Septemba ashike kazi. Ananitaka nimpe jibu.

Naomba usome ujumbe huo polepole kabla ya kujibu.

Henriette


Kambove, tarehe 20 Julai 2025

Tantine,

Yambo ya nyumba. Mama apumzike, fimbo ni muzuri, hata bachifu banashika.

Nimeandika hii barua mara mingi, hii ingine yote niliwasha nayo moto. Nilikuwa na maneno ya kuchekesha juu ya Préfet na tumbo yake. Nimeyaondoa.

Mama Blandine amenieleza, vile alisikia ku soko ya Likasi, kule ukumbini kulikuwa namna gani, kupita vile umeandika weye. Anasema ulisimama peke yako kama mutoto ya primaire mbele ya ubao. Sijui juu ya nini ulisema vile ulisema. Sikukuomba. Ungeweza kunitaja.

Utasema Papy anatafuta njia ya kukimbia. Hapana. Bidole mbili ya kulia hazitafunguka tena, infirmier amesema. Na kamba haishikwi na mukono moja. Wiki jana ilinitoka. Ule mwenye alikuwa chini hakuumia sana. Lakini hakuna mwenye anataka kushuka nikiwa juu. Bananiambia kwa upole, njo inauma zaidi. Hapa sina tena kazi, na sina uso.

Kwa hiyo nitakuja. Mwambie Préfet ndiyo.

Lakini sikiliza vile nimepanga. Tutaingia wote wawili. Weye ukae ku bitabu, minye ku mashini, na ukiona nakosa unaniambia kwa sauti ya chini, banafunzi basisikie. Préfet atakubali, nitamuongelesha, unajua kinywa yangu. Weye utanifundisha ile yote umeijua sasa, na minye nitakaa mbele tu juu ya jina. Ni muzuri, si vile? Hakuna mwenye anapoteza.

Nijibu kwa Mama Blandine. Au kwa pikipiki, basome tu.

Papy


Kapolowe, 24 Agosti 2025

Mwanangu Papy,

Nakusalimu kutoka Kapolowe, kama unavyoona hapo juu. Nimekuja kwa jamaa za mama yangu, wana shamba la mahindi na wanahitaji mikono. Mama yako yuko na Shekina, nimewaachia nyumba yote. Wewe utalala katika chumba changu. Huku ni kuzuri. Saa za asubuhi ndizo ndefu.

Nimempa Préfet jibu lako. Alifurahi. Mpango wako wa watu wawili nilimwambia pia, kwa kuwa uliutaka. Akasema, «Mama, si tulikubaliana upumzike?» Basi imekuwa hivyo. Usimwendee na kinywa chako, utapoteza na kile kiti kimoja.

Wiki zangu za mwisho mle ndani, baada ya juri, nilikuwa ninaingia kabla ya watu, nikipitia yale uliyoniandikia mwezi wa tano. Nilishuka chini ya wauzaji. Nilipata taarifa ya watu wa chuo waliopima visima vya huku kwetu, wameweka majina yao, mwaka, na mahali walipochota. Ni ndefu, ni ngumu, haina picha. Ilikuwepo wakati wote. Nilimpelekea mama yake Daniella na kumsomea kwa Kiswahili, aya kwa aya, mlangoni, maana hakunikaribisha ndani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ahsante, akachukua ndoo na kuelekea kwenye bomba la mbali.

Karatasi yako ya kwanza nimeibandua ukutani. Sikuihifadhi, imo kwenye taka za shule pamoja na nyingine. Usiitafute.

Daniella anarudia mwaka. Jumatatu ya kwanza atakuwepo kabla ya kengele, ndivyo alivyo. Kijana atakayemkuta kwenye kiti changu ni wewe, na atakuuliza, kwa adabu, kama wewe ndiye yule aliyemfundisha Mama Henriette. Mimi sijamwambia neno lolote juu ya kosa lako, wala mama yake, wala Madame Stéphanie. Ulisema hukuniomba. Ni kweli, hukuniomba.

Jibu ni lako peke yako. Ukimjibu ukweli, niandikie. Ukimjibu vingine, kaa na kazi yako vizuri, itunze, lakini usiniandikie tena.

Shangazi yako,
Henriette